Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Siku ya kuniaga mlininunulia keki ya umbo la moyo, ingawa maisha yangu yote ya kazi nimeshughulika na miguu. Mkanisifu kwa mkono usiotetemeka, mkapiga makofi, kisha mkaniomba niseme machache. Nilisema machache kweli, nikakaa, na nikaona jinsi mmoja wenu alivyotazama saa kwa furaha. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoshindwa kuyatamka nikiwa nimeshika kisu cha keki. Hayahusu vyeo, maana vilivyonipita ni vingi kuliko vilivyonifikia, na mshahara kila mtu anaujua wake. Yanahusu jinsi mtu anavyofundishwa kushona mishipa ya damu, na jinsi anavyofundishwa kunyamaza. Mimi nilifundishwa yote mawili ndani ya thieta moja, chumba kimoja cha upasuaji, na hilo la pili ndilo lililokuwa na walimu wengi.

Nilirudi chuo kikuu kusomea upasuaji katika miaka ya sabini, baada ya kuzungushwa hospitali za wilaya mpaka nikachoka na barabara. Wazungu wengi waliokuwa wakifundisha upasuaji walikuwa wamefunga mizigo, na viti vyao vilikuwa vimekaliwa na watu wetu. Tulifurahi sana. Hatukujua kwamba kiti nacho kinaweza kumfundisha mtu tabia za aliyekikalia kabla yake.

Nilikaa kwa baba, Kawangware. Shamba la babu lilikuwa limeshageuka ploti, na mahali palipokuwa na viazi baba alikuwa amesimamisha vyumba vya mbao na mabati vya kupangisha. Wapangaji wetu walikuwa maseremala, waashi na vibarua kutoka mkoa wa Magharibi, watu waliotoka na vyombo vya kazi kabla jua halijatoka. Baba alikuwa akiwaambia kwamba mwanawe ni daktari mkubwa. Wao walinitazama nikitoka kwa miguu kama wao na viatu vyangu vimejaa matope kama vyao, wakanyamaza kwa adabu.

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha mishipa nilikabidhiwa kwa Daktari Wafula, mhadhiri aliyekuwa mbele yangu kwa miaka michache tu, mtu mpole, mwenye vidole virefu. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na lazima nimpe haki yake kabla sijamnyima. Alinipa kibanio cha kushikia sindano, kilichochakaa meno, na uzi mwembamba kuliko unywele.

"Nenda ukafanye mazoezi," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa ng'ombe. Wagonjwa bado sijakuamini nao."

Basi nikawa mteja wa bucha moja pale Kawangware, iliyopata nyama yake kutoka machinjio ya Dagoretti. Muuzaji alikuwa mtu mnene aitwaye Mwaura, ambaye tulisoma naye shule ya msingi. Nilimwomba aniwekee mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo, ile anayowatupia mbwa.

"Karanja, si unataka tu nyama kilo moja kama watu?" akaniuliza mbele ya foleni. "Umesoma miaka yote hiyo ndio ukule paipu?"

"Siili. Naishona."

"Anashona ng'ombe imekufa!" akawatangazia wateja. "Na bado mnaenda hospitali."

Niliibeba mishipa hiyo kwenye karatasi ya gazeti, nikaiosha kwenye karai, nikaikata na kuishona mezani jikoni mwa mama. Nikimaliza ninamimina maji ndani kwa faneli na kutazama panapovuja. Mwanzoni palivuja kila mahali. Mama alivumilia kwa muda, kisha akachukua sufuria zake zote akazihamishia chumbani kwake, akaniambia siku nitakapotaka chai niende kuichemshia kwa hao ng'ombe. Lakini mkono ulijifunza. Ulifika wakati nilimimina maji na karatasi chini ikabaki kavu, na siku hiyo nilitembea hadi hospitali nikiwa na kiburi cha kijinga.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vilihesabiwa kama watoto wa bwenini. Mishipa bandia ilitoka ng'ambo, na ilipokuja ilijua yenyewe njia ya kwenda hospitali za watu wenye pesa. Sisi tulitumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Ule mrefu unaopanda ndani ya mguu kutoka kifundoni hadi kinenani unarudisha damu moyoni, na mtu anaweza kuishi bila huo. Unautoa, unaushona juu na chini ya mahali palipoziba, na damu inapata njia ya pembeni.

Kuna jambo moja tu ambalo mshipa huo hausamehe. Ndani yake una vali, milango midogo inayofunguka upande mmoja. Damu ikipanda, milango inafunguka. Ikitaka kushuka, inajifunga. Kwa hiyo ukitaka mshipa huo ushushe damu, sharti uugeuze, ncha iliyokuwa kifundoni ije juu kinenani. Usipougeuza umemwekea mgonjwa bomba lenye milango iliyofungwa. Kinachowaponza watu ni kwamba ncha ya kifundoni ni nyembamba na ncha ya pajani ni nene, na mshipa wa kinenani unaoshonewa ni mnene. Nene kwa nene hupendeza macho. Ndiyo maana desturi yetu ilikuwa kwamba daktari mdogo aliyeutoa mshipa huo anafunga uzi mweusi kwenye ncha ya kifundoni kabla ya kuukata. "Mweusi juu," Wafula alinifundisha, akanifanya nirudie kama mtoto wa katekisimu.

Kitengo kilikuwa cha Profesa. Jina lake mnalijua, hamna haja ya kulisikia kwangu. Alikuwa na mikono mizuri, hilo sikatai, na alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa waliomtangulia: thieta anazungumza yeye na anayeulizwa. Daktari mdogo anashika chuma cha kutanua kidonda na kukata uzi anapoambiwa. Tuliingia tukisalimia, tukavaa glavu, na kuanzia hapo tukawa sehemu ya vifaa.

Fundi Okoth aliletwa wadini na mkewe, Mama Akinyi, muuza omena wa Kisumu Ndogo, kule Kibera. Alikuwa fundi wa nguo mwenye umri wa kama miaka arobaini, mwembamba, mwenye maskhara. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa baridi, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Huo ndio mguu aliokanyagia pedali ya cherehani yake. Maumivu yalikuwa yamemwanza akitembea, yakaja akiwa ameketi kazini, mwishowe hata akilala.

"Unavuta sigara?" nikamuuliza.

"Nilikuwa navuta mpaka leo asubuhi," akajibu. "Sasa naona uso yako, nimeacha."

Na aliacha kweli. Alimpa jirani yake wa kitandani pakiti nzima, na kila nilipopita alininusisha pumzi yake kama mtoto anayethibitisha amepiga mswaki. Alikuwa ameajiriwa kwa miaka mingi na Mhindi mmoja mjini, akishona suti za Wazungu, kabla ya kuanza kazi yake mwenyewe. Hakuweza kuona koti bila kulikosoa.

"Daktari, hiyo koti yako nyeupe nani alishona? Shoulder imekataa kabisa. Ukinitengenezea hii mguu, nakushonea mpya. Na mfuko ya ndani."

"Wewe pona kwanza."

"Mimi bila mguu si fundi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nitakuwa mtu wa kukaa tu kwa mlango nikiangalia bibi akiuza samaki. Hiyo ujue."

Niliijua. Nilimwambia Wafula kwamba mguu ule unaokoleka, na Wafula akakubali, na Profesa alipoupapasa kwenye raundi ya wadini naye akakubali. Nasema hivi ili msidhani ulikuwa mguu wa kukatia tamaa. Sote watatu tulisema unaokoleka.

Kifua cha Okoth kilikuwa kimechoshwa na sigara, kwa hiyo daktari wa usingizi hakutaka kumlaza kabisa. Alichomwa sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, na pazia la kijani likatundikwa kati ya uso wake na mikono yetu. Mimi ndiye niliyeutoa mshipa, kutoka mguu wa pili. Ulikuwa mshipa mzuri, wa mtu asiyenenepa. Nikafunga uzi mweusi kwenye ncha ya kifundoni, sista, muuguzi wa thieta, akaupokea kwenye bakuli la maji ya chumvi, tukamngoja Profesa.

Alichelewa, maana alikuwa kwenye kliniki yake mjini. Alipofika alikuwa na haraka na furaha. Aliuchukua mshipa, akaona ncha zake zina michubuko, akazipunguza zote mbili kwa mkasi huku akimsimulia daktari wa usingizi habari za gari alilokuwa akilifuatilia bandarini. Uzi mweusi ulianguka pamoja na kile kipande. Kisha akaulaza mshipa mahali pake na kuanza kushona kinenani ncha ile nene.

Tulizungumza Kiingereza mle ndani, hatukuwa na lugha nyingine ya kazi. Nikasema, "Samahani, Profesa. Ncha nyembamba ndiyo ya juu."

Mkasi wa sista ulisimama hewani. Profesa hakuinua kichwa. "Nani amekuuliza?"

"Uzi umekatwa, Profesa. Mshipa haujageuzwa."

Hapo aliinua kichwa. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia kiti kikisema. "Daktari Karanja," akasema, "nenda ukavue glavu. Toka nje."

Nilimtazama Wafula, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya meza. Aliona nilichoona, ndiye aliyenifundisha kukiona. Aliitazama mikono yake mwenyewe, kisha akanyoosha mmoja na kukipokea kile chuma nilichokuwa nimeshika. Nikatoka. Mlango wa thieta ile ulikuwa na bawaba mbovu iliyolia kila unapofunguliwa, na ulilia.

Okoth alitolewa thieta mguu wake ukiwa bado wa baridi. Profesa alisema mshipa umeshtuka, utafunguka wenyewe ukipata joto. Tukaufunga pamba, tukangoja. Mguu haukupata joto. Vidole vyote vikafuata kile cha kwanza, na kwenye raundi Profesa aliusimamia, akaufunika shuka, akasema kwa sauti ya kusikika wadi nzima, "Daktari Karanja ana maoni kuhusu mguu huu. Basi aukate yeye."

Nilienda kumwambia Okoth. Hakulia. Aliniuliza, "Ni wewe mwenyewe utakata?"

"Ni mimi."

"Afadhali." Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa kwa jicho, halafu akageukia ukuta. Nilidhani ni hofu.

Niliukata juu ya goti. Mguu ulipokwisha ondoka niliuweka kwenye meza ya pembeni, nikautoa mshipa ule uliokuwa ndani yake na kuupasua kwa urefu. Vali zilikuwa pale zimejifunga sawasawa, kama zilivyoumbwa, na damu iliyoganda ilikuwa imelala juu yake. Hazikuwa na kosa lolote, zile vali. Nikamwita Wafula. Alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Tupa hiyo kitu, Karanja. Funga kidonda."

"Wewe si umeona?"

"Unataka kumaliza masomo au unataka kushinda?" Halafu akaongeza, kwa upole uleule aliokuwa akinifundishia kushona: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nimeifikiria methali hiyo miaka mingi. Walioitunga hawakuwahi kuingia thieta yetu, ambako mkuu ndiye asiyesikia na guu ni la fundi wa Kibera.

Kwenye mkutano wa kujadili wagonjwa walioharibikiwa, Profesa alieleza kwa kifupi. Upasuaji ulikwenda vizuri, mgonjwa akarudia sigara. "Hawa watu wa Kibera," akasema, "unawapa mshipa, wanaurudishia moshi." Chumba kikatikisa vichwa kwa huruma. Nikasimama nikasema mgonjwa hakuvuta hata moja tangu alazwe, na kwamba mshipa niliuona kwa macho yangu, haukugeuzwa.

"Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja?" Profesa akauliza.

Walicheka. Wafula naye alicheka, au alifungua mdomo wakati wengine wakicheka, sijui tofauti yake ni nini.

Baada ya hapo sikupewa mshipa tena. Nilipangiwa thieta ya vidonda vichafu, nyuma ya jengo, ambako huletwa miguu iliyooza kwa ugonjwa wa sukari na mifupa iliyosagwa barabarani. Cheti nilikipata, maana nilijibu mitihani na hawakupata pa kunishikia. Lakini kibanio kile kilichochakaa meno nilinyang'anywa kikapewa mwingine, na wenzangu wakaanza kuniita Msumeno. Mlinikuta na jina hilo, mkadhani ni utani. Mkono uliofundishwa na ng'ombe wa Dagoretti kushona bila kuvuja nimeutumia kukata, mpaka nimestaafu. Mkiniuliza kama nimesamehe, jibu ni hapana. Wafula alipofariki nilienda mazishini, nikala chakula, nikarudi.

Kabla sijamaliza masomo nilienda Kibera kumtafuta Okoth. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kutoka kwetu nilitembea, nikaulizia Kisumu Ndogo, nikaulizia fundi wa mguu mmoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Hakuna aliyenituma, na kitengoni ilieleweka kwamba mambo ya thieta hayatoki nje. Lakini niliona mtu ana haki ya kujua kilichomla mguu wake, hasa ikiwa amesingiziwa sigara.

Nilimkuta mlangoni. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa imeuzwa, na mbele yake palikuwa na ndogo ya kuzungushwa kwa mkono, ya kutilia viraka. Mama Akinyi alikuwa kando, akichambua omena kwenye ungo.

"Daktari! Karibu, kaa," akasema Okoth. "Hiyo kiti iko na miguu yote."

Nikakaa. Nikaletewa chai. Nikasema, "Fundi, nimekuja kukuambia kitu. Mguu wako haukufa kwa sababu ya sigara."

"Najua."

"Ule mshipa uliwekwa..."

"Upside down. Najua."

"Nani alikuambia?"

"Si wewe ulisema?" Akaacha kuzungusha mashine. "Mgongo ndio ililala, daktari. Masikio haikulala. Nilikuwa nyuma ya hiyo pazia yenu. Na Kizungu nimesikia kwa Mhindi miaka yote. Ulisema mara ya kwanza, ukasema ya pili. Halafu nikasikia mlango."

Yale maneno niliyoyapanga yote alikuwa nayo tayari.

"Nikangoja ule mwingine aseme," akaendelea. "Akanyamaza. Basi nikasema mimi."

"Wewe? Ulisema nini?"

"Nilisema kwa Kizungu, ndio asijifanye hakuelewa. Nikamwambia, bwana mkubwa, please, sikiza huyo daktari. Geuza."

"Akakujibu?"

"Si mimi alijibu. Aliambia yule wa dawa ya usingizi, huyu anaongea sana, mlaze. Nikasikia baridi inapanda kwa mkono. Nilipoamka ilikuwa kwa wadi."

Mama Akinyi alikuwa ameacha kuchambua. "Hiyo hukuniambia," akasema polepole.

"Ningekuambia ungeenda huko kupiga nduru, na mimi bado nilikuwa natafuta mtu wa kunifunga kidonda."

Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akachukua ungo wake akaingia ndani. Tulimsikia akivuta pua huko nyuma ya pazia. Nikamuuliza Okoth swali ambalo nisingeliuliza kama ningekuwa na akili zaidi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, siku ile nilipokuja kitandani kwake, ili angalau kwenye mkutano tuwe wawili.

Alichukua suruali aliyokuwa akiitia kiraka, akaipindua, akaangalia mshono kwa ndani.

"Wewe ndio ulikuwa unaenda kushika msumeno," akasema. "Nilitaka mkono yako isitetemeke."

Haukutetemeka. Haukutetemeka siku ile wala siku yoyote baadaye, na ndio huo mlioupigia makofi.